Lita za Dizeli Haziufuati Upepo: Niliyojifunza Katika Kituo cha Stima Kaskazini mwa Kenya

Mji unaoishi kwa jenereta za dizeli ukiahidiwa mtambo wa upepo, hesabu inayopigwa ni ileile: upepo ukitoa nusu ya stima, basi nusu ya dizeli imeokolewa. Nimefanya kazi ya ufundi wa umeme kwa miaka mingi katika kituo kimoja kaskazini mwa Kenya, katika mji ambao wakati huo gridi ya taifa ilikuwa haijaufikia, na hesabu hiyo niliiona ikikataa usiku baada ya usiku. Upepo unaweza kuubeba nusu ya mji tangu saa sita usiku hadi alfajiri, halafu asubuhi ukichovya kijiti kwenye tanki unakuta dizeli imeshuka karibu sawa na usiku usio na upepo. Sababu zake anazijua kila aliyewahi kukesha kwenye chumba cha mitambo. Shida ni kwamba wanaokesha humo sio wanaoandika mipango.

Wajir, Mandera, Lodwar, Marsabit na miji mingine ya kaskazini iliwashwa kwa miaka na vituo vyake vyenyewe, kila mji na injini zake, kila kituo na matanki yake. Dizeli ililetwa kwa malori kutoka mbali. Kabla lami ya Isiolo hadi Moyale haijakamilika, mvua kubwa ikinyesha lori lingeweza kulala njiani siku kadhaa, na sisi kituoni tukawa tunachovya kijiti kila zamu huku tukijadiliana ni fida gani, yaani laini ya kupeleka stima mtaani, izimwe kwanza. Gharama ya safari hiyo haimwangukii mkazi wa kaskazini peke yake. Bei ya umeme Kenya ni moja nchi nzima, na gharama ya mafuta hugawanywa kwenye bili za wateja wote. Mama anayewasha balbu mbili Kisumu huchangia lita iliyochomwa Mandera. Kwa hiyo lita inayookolewa kule ni yetu sote, na ndiyo maana jambo hili limenikaa moyoni hata baada ya kuhama kituo.

Upepo wenyewe tunao. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna bonde pana ambamo hewa hubanwa ikapita kwa kasi, na wataalamu wa hali ya hewa huuita mkondo wa Turkana. Ndio unaozungusha ile mitambo 365 ya Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019 na ambayo umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Lakini upepo ukilegea Loiyangalani, gridi ya taifa ina jotoardhi ya Olkaria na mabwawa ya mto Tana ya kuziba pengo. Mji wetu haukuwa na Olkaria. Ulikuwa na injini chache za dizeli ndani ya jengo la mabati, na mitambo ya upepo kilimani iliyoongezwa baadaye. Mtambo mmoja wa kilowati 250 ni chembe kwa gridi ya taifa. Kwetu, saa nane usiku, ulikuwa sehemu kubwa ya mji mzima.

Saa ndizo zilizotukosesha. Kuanzia saa moja jioni mji hunywa stima: maduka, hoteli, vinyozi, televisheni za majumbani, taa za misikiti. Ikifika saa tano watu wanaanza kulala, na saa nane usiku kilichobaki ni friji, taa za barabarani, hospitali na minara ya simu. Mzigo, yaani stima ambayo mji unaivuta kwa wakati huo, umeshuka hadi chini kabisa. Upepo wa vilima vyetu nao ulikuwa na tabia ya kushika kasi wakati huohuo, ukavuma mpaka jua linapochomoza. Yaani nguvu ilikuja kwa wingi pale ambapo hakukuwa na wa kuitumia.

Mwendeshaji mkuu wa zamu yetu alikuwa mzee aliyeanza kazi kituo kingali na injini moja. Alijua kila injini kwa sauti yake. Usiku mmoja wa upepo mkali alinitoa nje, nyuma ya jengo, akamulika bomba la moshi kwa tochi. Kwenye kiungo cha bomba kulikuwa na kitu cheusi, kizito, kikitiririka polepole na kung'aa kwenye mwanga. Kilinuka dizeli mbichi. Moshi uliokuwa ukitoka juu ulikuwa mweupe wenye ukijivu, tofauti kabisa na ule wa saa mbili usiku injini ikiwa kazini.

“Binti yangu, unaiona hii?” akaniuliza. “Hii ni mafuta yaliyoingia na yakatoka bila kuungua. Injini ina baridi.”

“Lakini mwendo uko sawa, Mzee. Nimetoka kuangalia paneli sasa hivi.”

“Mwendo uko sawa, ndiyo. Kazi haipo. Injini kubwa hivi ukiinyima mzigo inaugua.”

Alichokuwa akinionyesha watengenezaji wa injini wamekiandika kwenye vitabu vyao. Injini ya dizeli haitakiwi kukaa muda mrefu chini ya takriban asilimia 30 ya uwezo wake. Ikikaa hapo silinda hazipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi hujikusanya, na kuta za silinda hupata utando laini kama kioo unaozifanya pete za pistoni zishindwe kuziba vizuri. Kutoka hapo injini inaanza kunywa oili. Dawa yake ni kuipa mzigo mkubwa kwa saa kadhaa ili ijichome na kujisafisha, na wakati mwingine ni kuifungua kabisa. Kwa hiyo kila kilowati ambayo upepo ulikuwa ukiisukumia mjini usiku wa manane, ilikuwa ikiinyang'anya injini mzigo iliouhitaji ili kubaki nzima.

Halafu kuna ulaji wenyewe. Chukua jenereta ya kilowati 500, ukubwa wa kawaida kwenye vituo vya namna hii. Ikiwa na mzigo kamili hula takriban lita 135 kwa saa. Mzigo ukishuka hadi robo, yaani kilowati 125, mtu angetarajia lita 34. Hula zaidi ya 40. Sehemu ya mafuta huenda kuizungusha injini yenyewe, pampu zake na feni yake, na sehemu hiyo haipungui hata upepo uvume vipi. Kadiri mzigo unavyoshuka ndivyo kila kilowati inavyozidi kuwa ghali.

Hata hivyo, sababu kubwa ilikuwa nyingine, na hiyo huioni ukisoma vitabu vya injini. Usiku wa upepo Mzee alikuwa akiendesha injini mbili. Mzigo wa mji ungetosha injini moja hata bila upepo, lakini mbili zilikuwa zikizunguka, kila moja ikiwa na mzigo mdogo, na mitambo ya kilimani ikitoa kilichobaki. Ukimuuliza kwa nini, jibu lake lilikuwa fupi: upepo haubishi hodi ukiondoka.

Na alikuwa na haki. Nguvu iliyomo ndani ya upepo haishuki sawasawa na kasi yake. Kasi ikipungua kutoka mita 12 kwa sekunde hadi mita 6, nguvu inayobaki ni moja ya nane. Kilimani kwetu upepo wa kubadilika-badilika ungeweza kufanya hivyo kabla mtu hajamaliza kumwaga chai kwenye kikombe. Injini iliyobaki peke yake inarushiwa mzigo wote kwa ghafla, masafa, yaani mizunguko ya stima kwa sekunde, yanaporomoka kutoka hezi 50, na rilei, zile swichi za ulinzi zinazojiendesha, zinaanza kukata fida ili kuiokoa injini isizimike. Kuwasha injini ya pili iliyopoa, kuipa joto, kuilinganisha na ile inayozunguka kisha kufunga swichi, hiyo ni kazi ya dakika kadhaa kwa mkono. Dakika hizo mji uko gizani, na wodi ya wazazi iko gizani hadi jenereta yao ndogo iwake.

Upande wa pili nao una hatari yake. Upepo ukizidi mzigo wa mji, mitambo inaanza kuisukuma injini badala ya injini kuusukuma mji. Rilei ya ulinzi inaona nguvu inarudi kinyume na kuitoa injini. Kisha mitambo ya upepo nayo inazima, kwa sababu mingi ya aina hiyo haiwezi kuunda stima peke yake. Inahitaji injini iipe volti na masafa ya kufuata. Ndivyo mji unavyoweza kuwa kwenye giza totoro huku paa za mabati zikipigwa na upepo mkali. Mkazi akiuliza imekuwaje, si rahisi kumweleza akaelewa, na hasira yake ni ya haki.

Sasa mweke mwendeshaji wa zamu katikati ya hayo yote. Stima ikipotea, simu yake inalia mara moja: hospitali, mkuu wa polisi, wenye maduka, wakubwa wake. Ataandika maelezo. Dizeli ikiungua lita mia zaidi usiku huo, hakuna simu inayolia. Hakuna aliyewahi kumpa maandishi yanayosema, “upepo ukiwa hivi na mzigo ukiwa hivi, zima injini ya pili, na mji ukizimika kwa sababu hiyo hutalaumiwa.” Mtu mwenye akili timamu, mwenye familia na miaka michache kabla ya kustaafu, angefanya nini? Angeacha mbili zizunguke. Hata mimi ningeziacha.

Ripoti zilipoonyesha lita hazishuki kama ilivyoahidiwa, neno lililoanza kupita chinichini lilikuwa wizi. Walikuja wakaguzi, wakapima matanki, wakahesabu risiti, wakawahoji watu wa zamu mmoja mmoja. Sijasahau uso wa Mzee alipotoka kwenye chumba kile. Mtu aliyeilinda mitambo ile maisha yake yote anaulizwa kama ana jamaa mwenye lori. Hawakupata kitu, kwa kuwa hakikuwepo, lakini shaka ikishamwagika haizoleki.

Hapo ndipo tulipoanza daftari letu. Daftari la kawaida la zamu lilikuwa na joto, presha ya oili, volti na kilowati za kila saa. Sisi tuliongeza safu: injini ngapi zinazunguka, kila moja ina mzigo kiasi gani, mitambo ya upepo inatoa nini, na lita zilizopita kwenye mita ya mafuta. Vijana wa zamu walilalamika mwanzoni kwamba ni kazi ya ziada. Mzee aliwanyamazisha kwa sentensi moja, kwamba daftari hili ndilo litakalowatetea siku atakapokuwa hayupo. Baada ya muda hata mtu asiyejua umeme angeweza kuona mambo yalivyo. Usiku wa injini moja na upepo, lita zilishuka vizuri. Usiku wa injini mbili na upepo, zilishuka kidogo tu, na mara nyingine zilizidi zile za usiku wa injini moja bila upepo wowote. Dizeli haikuibwa. Ilikuwa ikichomwa kununua utulivu, na hakuna mahali popote kwenye mpango ambapo utulivu huo ulikuwa umewekewa bei.

Nalisema hili kwa kila kijana anayeingia kazi hii: usimwambie mwendeshaji aokoe mafuta kabla hujamwondolea sababu ya kuogopa. Kwetu, kilichoanza kubadilisha mambo kilikuwa karatasi moja iliyotiwa sahihi na mkubwa na kubandikwa ukutani kwenye chumba cha kudhibiti. Ilieleza ni lini injini ya pili inaweza kuzimwa, ni fida gani zitakatwa kwanza upepo ukianguka na zipi hazitaguswa, hospitali ikiwa ya mwisho kabisa. Ilisema wazi kwamba atakayefuata karatasi ile hataandikiwa barua. Iligharimu wino. Pamoja nayo, mafundi walirekebisha mfumo wa kupasha joto maji ya injini iliyopumzika, ili ikihitajika iwake ikiwa tayari na joto na ipokee mzigo haraka. Mzee aliisoma karatasi ile mara mbili, akaikunja nakala yake, akaitia mfukoni mwa shati.

Jambo la pili lilitoka kwenye visima. Kaskazini maji ni kila kitu, na pampu za visima virefu ni miongoni mwa mizigo mikubwa ya mji. Zilikuwa zikiwashwa asubuhi na kuendelea mchana, kwa sababu tu ndivyo mhudumu wa pampu alivyozoea kufika kazini. Lakini maji hayajali yamevutwa saa ngapi, mradi tanki la juu limejaa wakati wanawake wanapofika na mitungi na mifugo inapoletwa. Tulikwenda kuzungumza na kamati ya maji. Haikuwa rahisi. Mwenyekiti, mzee wa Kiborana mwenye maneno machache, alitaka kujua nani atamlipa kijana wa kulala kwenye pampu, na nani atabeba lawama asubuhi tanki likikutwa tupu. Yalikuwa maswali ya maana kuliko mengi niliyoyasikia kwenye mikutano ya wahandisi. Tulikubaliana kwa pampu moja kwanza. Upepo ukishika, Mzee alimpigia simu kijana wa pampu: “Mwanangu, washa.” Mzigo ukapanda, injini ikapata joto lake, moshi ukabadilika rangi, na upepo uliokuwa ukitupwa ukageuka kuwa maji kwenye tanki. Ukianza kulegea, simu ya pili: “Zima sasa.”

Baadaye nilikuja kujua kwamba vijiji vya Wayupik kusini magharibi mwa Alaska, kama Kongiganak na Kwigillingok, vimefanya jambo la aina hiyo kwa mahitaji yao. Navyo vinaishi kwa dizeli inayoletwa kwa tabu. Upepo ukizidi, umeme wa ziada huelekezwa kwenye majiko maalumu majumbani yenye matofali yanayohifadhi joto, na nyumba hupata moto bila kuchoma mafuta mengine. Kule wanahifadhi upepo kama joto. Sisi tungeweza kuuhifadhi kama maji, na nasikitika kwamba miradi mingi ya upepo bado inapangwa bila mtu wa idara ya maji kuwepo mezani.

Kuhusu vifaa vya kutuliza gridi, mkanganyiko ni mwingi na lazima uondolewe. Mwaka 2016 kampuni ya ABB ilitangaza kwamba itapeleka Marsabit flaiwili ya kilowati 500 ili kusaidia mitambo ya upepo na jenereta za dizeli za mji huo zifanye kazi pamoja. Flaiwili ni gurudumu zito linalozungushwa kwa kasi kubwa ndani ya chombo kilichofungwa. Upepo ukianguka, gurudumu hutoa nguvu yake mara moja. Upepo ukizidi, huimeza ile ziada. Niliwahi kuwasikia watu wakisema kwamba kwa kifaa hicho upepo wa usiku utawasha taa za jioni inayofuata. Hapana. Flaiwili hubeba sekunde, haibebi saa. Kazi yake ni kushika masafa katika ule muda mfupi wa hatari, mpaka injini nyingine iingie, na ni muda huo huo mfupi uliomfanya Mzee azungushe injini ya pili usiku kucha. Kifaa kinachomwondolea mwendeshaji hofu hiyo kinaweza kuokoa mafuta mengi kuliko mtambo mwingine wa upepo juu ya kilima kilekile.

Mahali palipoonyesha hili kwa hatua ni kisiwa cha King, kati ya Tasmania na Australia bara, chenye watu wasiofika elfu mbili. Mitambo yao ya mwanzo ya upepo ilisimamishwa 1998. Mwaka 2003 waliongeza mingine mikubwa zaidi pamoja na betri ya vanadiamu, na betri ile haikudumu. Hawakuacha. Waliweka rizista kubwa inayochoma ziada ya upepo kwa kipimo, inayopanda na kushuka papo hapo, ili mitambo iwe na nafasi ya kupungua bila masafa kuyumba. Wakaweka flaiwili na jenereta vilivyounganishwa na injini kupitia klachi, kwa namna ambayo injini yenyewe inaweza kuzima huku jenereta ikiendelea kuzunguka na kuipa gridi volti na masafa. Wakaongeza betri ya aina nyingine. Mwaka 2013 kisiwa hicho kilipitisha vipindi ambapo wateja wote walihudumiwa bila injini hata moja kuwaka. Kilichonigusa kwenye simulizi yao ni mpangilio: vifaa vingi walivyoviongeza baada ya mitambo havikuzalisha hata kilowati moja. Vilikuwa vya kuiruhusu dizeli ilale.

Swali ambalo wakazi walituuliza kuliko yote lilikuwa hili: mbona mapanga yamesimama na upepo unavuma? Walihisi mali yao inaachwa iharibike. Ukweli ni kwamba wakati mwingine kuusimamisha mtambo, au kuupunguza, ndiko kunakoliokoa gridi. Mitambo ya kisasa hugeuza pembe ya mapanga yake na kupokea amri ya kutoa, tuseme, kilowati 100 tu hata kama upepo ungeiwezesha kutoa 250. Ile ya zamani yenye mapanga yasiyobadili pembe inajua kuwaka na kuzima tu, na kila inapoingia hutikisa mji. Ukinunua mtambo kwa ajili ya gridi ndogo, tabia hiyo ni muhimu kuliko ukubwa. Tulianza kuwaalika wanafunzi wa sekondari kituoni tukawaonyesha geji ya masafa ikicheza, wakarudi nyumbani kuwaeleza wazazi. Malalamiko yalipungua sana.

Sitakaa sana kwenye matengenezo, kwa kuwa kila mtu anayajua, ila kreni. Beringi kubwa au giaboksi ikiharibika juu ya mlingoti, unahitaji kreni, na kreni ya urefu huo haipatikani Wajir wala Lodwar. Inatoka Nairobi au Mombasa kwa gharama inayoweza kumeza akiba ya dizeli ya muda mrefu, na mtambo unasimama ukiisubiri. Kuna mitambo, kama ile ya Kifaransa ya Vergnet, iliyotengenezwa ili mlingoti wake ulazwe chini kwa nyaya na winchi, fundi akaifanyia kazi akiwa amesimama ardhini. Ni midogo, na wapangaji wengine huidharau kwa hilo. Kwa mji ulio mbali na kila kitu, ningeichagua hiyo.

Siku hizi kaskazini kunaelekezwa zaidi kwenye sola na betri, kupitia mradi wa KOSAP, ule wa sola kwa maeneo yasiyo na gridi uliolenga kaunti 14, na mingine, na naunga mkono. Betri yenye inverta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa majumbani, inayoweza kuunda gridi yenyewe imetatua sehemu kubwa ya shida niliyoieleza, maana inashika masafa na kuruhusu injini zote zizime. Lakini jua linazama kabla ya saa mbili usiku, wakati mji unapotumia stima zaidi, na betri ya kuubeba mji mpaka asubuhi ni ghali. Upepo wetu wa usiku bado una nafasi hapo, kujaza betri saa ambazo sola haina la kutoa.

Na wapangaji wakiniuliza waanze na nini kwenye kituo chenye injini kubwa pekee, wengi hushangaa ninapowajibu kwamba waanze na jenereta ndogo ya dizeli. Ukiwa na injini za kilowati 500 tu, asilimia 30 ya moja ni kilowati 150 ambazo lazima zitoke kwenye dizeli usiku kucha, upende usipende, na upepo unagawiwa kinachobaki. Ukiweka ya kilowati 150 kando yake, kiwango hicho kinashuka hadi 45, na kilowati zaidi ya mia moja za kila saa ya usiku zinafunguliwa kwa upepo. Mafundi waliopo kituoni wanaweza kuifunga wenyewe, vipuri vyake vinapatikana Nairobi madukani, na haihitaji kreni. Tuliiomba kituoni kwetu kwa barua, tukiambatanisha kurasa za lile daftari, na kwenye barua ile jina la kwanza lililotia sahihi lilikuwa la Mzee.